Siti ya Mlangoni

Siku ya arobaini ya Mwantumu, Munira alifika Kwamndolwa kwa wafiwa na mambo mawili yasiyopaswa kukaa kwenye moyo mmoja. Alikuja kumlilia rafiki yake, na alikuja kupewa mume.

Aliyemleta ni mjomba wake, mzee Mbaruku, mkulima wa mahindi huko Handeni, mtu wa maneno machache na kofia isiyotoka kichwani. Katika ukoo wao wa Kizigua, mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba anaweza kuridhia, mama anaweza kupiga vigelegele, lakini mjomba akisema hapana, barua ya posa inarudi ilikotoka. Na mzee Mbaruku alikuwa amesema hapana miaka miwili mfululizo. Alidai Awadhi, mdogo wake Mwantumu, ni kijana wa maneno matamu kupita kiasi, na kwamba watu wa kwao wameteremka juzi tu kutoka Kwashemshi milimani, hata hajui ni akina nani. Munira alilia, akasusa kula, akakonda mpaka walimu wenzake shuleni wakamuuliza anaumwa nini. Mjomba akabaki na hapana yake.

Kifo ndicho kilichomlainisha. Siku ya mazishi alimwona Awadhi akishuka kaburini kumpokea dada yake, akapanda juu na udongo mpaka kwenye nyusi, hana hata sauti ya kulia. Njiani wakirudi Handeni mzee akamwambia Munira kwamba mtu aliyepigwa namna ile yeye hawezi kumwongezea pigo jingine. Arobaini ikifika watakwenda wote, na wageni wakishatawanyika atatoa neno lake. Munira alishukuru, maana angefanyaje? Lakini furaha yenyewe haikumshuka. Kila alipojiona amevaa kanga za harusi, aliiona na sanda pembeni.

Khitma ilisomwa, dua ikaombwa, pilau ikapakuliwa. Kufika alasiri waliobaki ni watu wa nyumbani na wanawake wachache wa jirani waliokuwa wakisugua masufuria. Hao ndio waliomnong'oneza Munira habari za mwenye msiba. Mama Mwantumu hali chakula. Asubuhi nusu kikombe cha uji, basi mpaka kesho yake. Daktari kamwona, shehe kamsomea, ndugu wamembembeleza, hali. Mwanamke yule ambaye zamani kicheko chake kilisikika kabla hujafika kwake, sasa kanga ilimzunguka mara mbili na bado ikabaki.

Alimwita Munira kwenye chumba cha marehemu, akafunga mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa, karibu yangu."

Juu ya kitanda kulikuwa na begi la mgongoni, la buluu, mkanda mmoja umeshonwa kwa uzi mweusi. Munira alilijua kama anavyojua mikono yake. Kwa akina Awadhi vitu vya marehemu havifunguliwi mpaka arobaini, na anayevifungua ni mwanamke aliyekuwa naye siku zake za mwisho. Mama Mwantumu alimwambia hivyo kwa sauti ya chini, kisha akaongeza kwamba leo si desturi tu. Alitaka mkono wa mtu aliyempenda mwanawe.

Munira akavuta zipu. Harufu ya karafuu ikawapiga wote wawili, maana Mwantumu alinunua mafungu mawili ya kumletea mama yake, yakakaa humo siku arobaini yamefungwa kwenye gazeti. Kulikuwa na dera lililokauka na chumvi, halua iliyoanza kuota ukungu, chaja ya simu, na ukanda mdogo wa vidonge vya kuzuia kutapika. Munira alivitoa kimoja kimoja na kuvipanga kitandani. Hakuthubutu kumtazama mama wa watu usoni.

"Nataka nikuulize kitu, Munira, na usinifiche," Mama Mwantumu akasema. "Alikwambia kwamba ni mimi?"

"Ni wewe nini, mama?"

"Asubuhi ile nilimpigia simu. Akaniambia jana yake alitapika njia nzima kwa kukaa nyuma. Nikamwambia leo usikae nyuma, kaa mbele pale mlangoni upate upepo. Akaniambia ndiyo, mama. Unamjua alivyokuwa msikivu." Akauvuta ule mkanda wa begi ulioshonwa. "Mtoto nilimzaa mwenyewe, Munira, nikampangia na mahali pa kufia. Chakula kitapita wapi?"

Kwa siku arobaini Munira alidhani mama yule analia kama wanavyolia wafiwa wote. Kumbe alikuwa amebeba mzigo usiokuwa wake, na aliyejua mwenye mzigo alikuwa amekaa naye kitanda kimoja, ameshika dera mkononi.

Ziara ile waliiota tangu wakiwa chuoni. Marafiki tisa, kila mmoja na begi lake mgongoni, wakavuka kwa meli kutoka Tanga, halafu siku nne za kuizunguka Pemba kwa Kosta waliyoikodi na dereva wake. Na walifurahi, nani atasema hawakufurahi? Waliingia msitu wa Ngezi wakatazama popo wakubwa wananing'inia juu ya miti. Walifika Vumawimbi, Mwantumu akaingia baharini na dera lake lote, akatoka anatetemeka kwa baridi na kucheka mpaka akakaa chini mchangani. Ndani ya gari waliimba hadi sauti zikakauka. Na Munira na Awadhi walishikana mikono mchana kweupe kwa mara ya kwanza, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kwenda kumwambia mjomba. Awadhi alikuwa na namna yake ya kumtazama, polepole, kuanzia kwenye mtandio kushuka, mpaka Munira akaona haya akageukia dirishani. Kwa macho yale tu, Awadhi alikuwa amekwisha kumpata.

Siku ya nne, siku ya mwisho, Munira ndiye aliyewahi kupanda. Akakaa siti ya mbele, ile ya peke yake karibu na mlango, apate kupiga picha za barabara. Mwantumu alikaa nyuma na Awadhi, mdogo wake. Alikuwa amemeza vidonge viwili asubuhi, akasema leo hatatapika ng'o, na mama akipiga tena mwambieni niko mbele. Walipofika Konde, wenzao wakashuka kununua ndizi. Garini wakabaki watatu tu.

Ni hapo Awadhi alipomwambia dada yake, "Nenda mbele kampishe Munira. Siku yenyewe ya mwisho hii."

Mwantumu hakusita. Alikuja mbele akimcheka Munira, akamvuta mkono. "Haya wifi, kachukue mzigo wako huko nyuma. Amenichosha bega kwa kunisinzilia."

Haikufika nusu saa. Kwenye kona moja ya mteremko walikutana na lori la mchanga, dereva akalikwepa, Kosta ikaacha barabara na kwenda kuupiga mfenesi kwa upande wa mlango. Walioketi nyuma walitoka na michubuko. Mwantumu hakufika hospitali. Kwenye benchi la hospitali, damu ya dada yake haijakauka kwenye shati, Awadhi alimshika Munira mikono yote miwili na kumwomba habari ya siti ibaki baina yao. Mama asijue. Munira akaitika kwa kichwa. Wakati ule angeitikia lolote.

Sasa alitoka chumbani akasema anakwenda kunywa maji. Alimkuta Awadhi uani, anafungua kamba za turubai. Alikuwa amepungua naye, mashavu yameingia ndani, na alipomwona Munira uso ukamlainika kama zamani. Jamani, moyo hauna adabu. Hata katika hali ile ulimdunda.

"Mjomba wako amekwisha kukaa sebuleni," Awadhi akasema kwa sauti ya chini. "Nimemwona amevua viatu. Leo ndiyo leo, Munira."

"Mama yako anasema yeye ndiye aliyemuua. Kwa sababu ya ile simu ya asubuhi."

Awadhi akaendelea kukunja kamba. "Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu siku ya tatu. Aliniambia baada ya watu kuondoka."

Munira alimtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Siku ya tatu. Siku thelathini na saba kijana huyu alikuwa akimwona mama yake anarudisha sahani, na alikuwa nalo neno la kumfungulia koo.

"Ukanyamaza," akasema.

"Ningesema nini? Kwamba ni mimi niliyempeleka pale?" Awadhi alitupa kamba chini. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hayakuwa machozi ya uongo. "Mama alinikabidhi, Munira. Tulipokuwa tunatoka hapa alinishika bega, akasema mwanamume ni wewe, dada yako asitoke machoni pako. Halafu nikamtoa mwenyewe kwa mkono wangu, kisa nataka kukaa na mpenzi. Akilijua hilo atanitazamaje? Mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki naye. Akinichukia mimi, abaki na nani?"

"Anakufa, Awadhi."

"Hafi. Majonzi yana muda wake, yatapungua. Tukishaoana tutamwambia taratibu, wewe na mimi. Nakuapia."

"Tutamkuta?"

Awadhi alisogea karibu, akamshika kiwiko, na kumwambia kwa sauti ile aliyokuwa akimwambia nayo mambo mazuri Vumawimbi kwamba miaka miwili amemsubiri, na kwamba amepoteza dada na hawezi kumpoteza yeye pia. Munira alitamani kuegemea kifua kile akae hapo mpaka giza liingie. Alikuwa akikitamani miaka mitatu. Ndani, hatua kumi tu, mjomba wake alikuwa tayari kumpa.

Wakaitwa.

Sebuleni mzee Mbaruku alikuwa kwenye kochi, kofia kichwani, mikono juu ya magoti. Mama Mwantumu alikaa chini kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Awadhi akakaa karibu na mlango kwa adabu, na Munira akaenda kukaa nyuma ya kochi la mjomba, mahali pa msichana anayesubiri kusemewa. Mzee alikohoa kidogo. Akaanza kwa pole, akamrehemu marehemu, akasema kwamba yeye ni mtu mgumu na anajua hivyo, lakini msiba umemfundisha jambo. Mama Mwantumu alimsikiliza huku kivuli cha tabasamu kikimpita midomoni. Alisema kwa unyonge kwamba Mungu akijalia, Munira atakuja kukaa kwenye chumba kile, na nyumba itapata tena mtoto wa kike.

Hilo ndilo lililommaliza Munira.

"Mjomba, nisamehe," akasema. "Kabla hujatoa neno."

Mzee Mbaruku aligeuka. Msichana wa Kizigua hafungui mdomo mbele ya mjomba wake siku ya neno lake. Hata wale wanawake uani waliacha kusugua masufuria. Munira alitoka nyuma ya kochi, akaenda kupiga magoti kwenye mkeka mbele ya Mama Mwantumu, na kumwekea mkononi ule ukanda wa vidonge.

"Mama, Mwantumu hakukaa mbele kwa sababu yako. Asubuhi ile alikuitikia tu. Alimeza hivi, tazama matundu mawili haya, akaenda kukaa nyuma na Awadhi, akasema hatatapika. Siti ya mlangoni ilikuwa yangu mimi. Tangu tunatoka Chake Chake nimekaa mimi."

Mama Mwantumu alivitazama vidonge. Akapitisha kidole juu ya matundu yale mawili.

"Ikawaje akawa yeye?"

"Alinipisha."

"Alikupisha kwa nini?"

Hapo Munira aliinua uso, akamtazama Awadhi. Alimwachia nafasi. Hakuna aliyeijua nafasi ile isipokuwa wao wawili, na ilikuwa kubwa kiasi cha mtu kusema, mama, ni mimi. Maneno matatu tu. Munira alimngoja kwa macho, na alimsihi kwa macho, na kwa kweli hata pale alikuwa bado anampenda. Awadhi alitazama mkeka.

Basi Munira akamtazama yule mama, jinsi mifupa ya mabega ilivyosimama. Aliyebaki kwake alikuwa mmoja. Akimnyang'anya na huyo, chakula atakula na nani?

"Nilimwomba mimi," akasema. "Nilitaka kukaa na Awadhi. Marehemu akakubali, akaenda mbele. Haikupita nusu saa."

Mama Mwantumu akageuza shingo kwa shida, akamtazama mwanawe.

"Awadhi. Ulikuwepo. Ndivyo ilivyokuwa?"

Awadhi aliinua uso kutoka kwenye mkeka, na kwa kitambo kidogo Munira akaamini kwamba atasema.

"Ndivyo ilivyokuwa, mama."

Mama Mwantumu aliinamia vidonge na kuanza kulia. Hakulia kwa kwikwi kavu za siku zile zote. Alilia kwa sauti, kilio cha mzazi aliyefiwa na mtoto, kama alivyostahili kulia tangu siku ya kwanza. Wanawake wakaingia mbio, wakamshika mabega, akawaacha wamshike. Alipotulia alifuta uso kwa upindo wa kanga na kuomba chakula. Walidhani wamesikia vibaya. Akarudia. Wakamletea sahani ya pilau, akanawa, akala tonge la kwanza polepole, la pili, la tatu, machozi yanachuruzika na anatafuna.

Munira alikuwa bado amepiga magoti. Mama Mwantumu alizungumza naye bila kuinua macho kutoka kwenye sahani.

"Umenitua mzigo, mwanangu. Mungu akulipe, nasema kwa moyo wangu. Lakini humu ndani usirudi tena. Nikikuona umekaa na mwanangu, nitakuwa namwona aliyekupisha. Sitaliweza hilo."

"Nimekusikia, mama."

Mzee Mbaruku alisimama, akaiweka sawa kofia yake. Aliwapa pole wenye nyumba kwa mara nyingine, akasema neno alilokuja nalo atarudi nalo Handeni, na kwamba hakuna ubaya baina ya watu. Alimshika Munira mkono kumwinua. Mkono wa mzee yule haukuwa mzoefu wa kubembeleza, lakini hakuuachia mpaka walipotoka nje.

Walikuwa wamekwisha kufika barabarani waliposikia mtu anawafuata mbio. Ni Awadhi, peku, vumbi mpaka kwenye magoti. Mjomba alimtazama, akamtazama na Munira, kisha akatangulia hatua kadhaa na kuwapa mgongo.

Munira akasimama. Mwite mjinga ukitaka, lakini alisimama akiwa na matumaini. Alijua kabisa sentensi aliyokuwa akiitaka. Turudi ndani, Munira, nikamwambie ukweli. Angeisema hiyo hata kwa kigugumizi, angemsamehe siku zote arobaini, na angerudi naye, na kama mama angewafukuza wote wawili wangefukuzwa pamoja.

Awadhi alimshika vidole. Alihema kwanza, macho mekundu, akimtazama polepole kuanzia kwenye mtandio kama alivyozoea.

"Asante, Munira," akasema. "Wema huu sitausahau maisha yangu yote."

Munira alisubiri kidogo, endapo yangefuata mengine. Awadhi aligeuza kichwa kutazama kama mama yake ametokea mlangoni. Alipoona hayupo akamwachia vidole, akarudi nyumbani kwa haraka kabla hajatafutwa. Munira akamfuata mjomba wake kwenda kusubiri basi la Handeni.